Watu Walioshika Kiti Changu

Kama unasoma haya ukiwa umelala chali, na ukiiambia miguu inyanyuke hainyanyuki, basi nimekuandikia wewe. Mimi si mtu wa vitabu. Niliishia darasa la saba, na kalamu yangu imezoea kuandika majina ya wanakwaya waliochelewa mazoezi. Ila nesi wa kliniki alisema nina mdomo mrefu, kwa hiyo niutumie kwa faida ya wengine. Nikaagiza daftari.

Mimi ni mjane, mkulima wa pamba wa Guta, nje kidogo ya mji wa Bunda. Watoto wangu wengine wametawanyika mbali. Aliyekuwa karibu ni Rebeka, binti yangu wa mwisho, aliyeolewa Musoma mjini, mtaa wa Kamunyonge. Mumewe anaitwa Magesa, fundi wa kuchomelea mageti. Huyo Magesa utamwona mara nyingi humu, na mara nyingi utamwona amesimama mbali. Usimhukumu haraka. Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawashikani mikono, hawali pamoja, na mama mkwe halali ndani ya nyumba ya mkwe wake. Wakikutana njiani mmoja anapisha. Si chuki, ndiyo heshima yenyewe. Niliishika heshima hiyo miaka yote na nilijivunia. Sikujua kwamba siku miguu ikiniacha, heshima hiyo hiyo itanilaza jikoni.

Ugonjwa ulianza wakati wa palizi. Mgongo uliuma katikati, pale panapokunjika mtu akiinama, nikasema ni jembe. Nikachuliwa na mafuta, nikanywa mizizi, nikaombewa. Pamba ikatoa maua nikiwa natembea kwa kushika kuta. Ilipopasuka, asubuhi moja nikiwa katikati ya shamba na kikapu changu, nikajikuta nimekaa chini na sikumbuki kukaa. Miguu naiona, imejaa udongo, lakini haikuwa na habari na mimi. Niliifinya kwa kucha. Nililia kwa hasira kabla ya kulia kwa woga.

Rebeka na Magesa walikuja kesho yake na gari la kukodi. Gari likabaki barabarani, maana kwangu halifiki. Rebeka ni mwembamba, na jirani aliyekuwepo ni bibi kuliko mimi. Magesa alisimama kando ya zizi akitazama ng'ombe ambao hawakuwemo. Tulikuwa tumekwama hivyo, mimi nimekaa kwenye mkeka mlangoni, walipopita wanaume wawili wakiswaga ng'ombe kwenda mnadani. Hawakuuliza mengi. Waliacha fimbo zao, wakanibeba hadi garini, na huku nyuma ng'ombe wao wakaingia kwenye pamba yangu wakala. Waliporudi kuwatoa, mmoja aliniomba samahani kwa ajili ya pamba. Nilitamani kucheka, ila nilikuwa nimeshasahau kunavyokuwa.

Magesa hakupanda gari lile. Alitufuata kwa bodaboda, asikae karibu na mimi.

Tulipofika njia panda ya Butiama, nikasikia joto kwenye mapaja. Mkojo ulikuwa umetoka wenyewe, na sikuwa nimeusikia ukija. Dereva alisimama. Wanawake wanaouza karanga na ndizi hapo wakalijia dirisha kama kawaida yao, na wa kwanza alipochungulia akaona. Aliweka beseni lake chini, akafungua kanga kiunoni, akaita wenzake kwa mkono. Wakazunguka mlango wa gari na kanga zao zimeinuliwa, wakageuza nyuso nje, na Rebeka akanisafisha humo katikati kama niko chumbani kwangu. Mmoja akapitisha kanga kavu bila kugeuka. Nilimwuliza nitairudishaje.

"Mama, nenda upone," akasema. "Kanga zipo."

Nilikuwa mtu wa kusaidia watu, si wa kusaidiwa. Nililia kutoka pale hadi Musoma, na nilichokuwa nalilia hasa ni aibu.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi siku mbili, maana siku ya kwanza picha ya mgongo haikupatikana. Mtu asiyeweza kukaa akiwekwa kwenye benchi anaegemea wenzake. Nilimwegemea mama mmoja wa Kiriba aliyemleta mtoto mwenye homa, na bega lake halikuondoka mpaka alipoitwa. Baadaye daktari aliniambia nina TB ya uti wa mgongo. Nikamwambia mimi sikohoi. Akasema mfupa haukohoi, mama. Dawa za mwaka mzima, mkanda mgumu wa kiunoni, na mazoezi ya viungo hospitalini Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Nikamwuliza kama nitasimama tena. Akasema tuanze dawa kwanza. Ukipewa jibu hilo, ujue mwenyewe pia hajui. Kuanzia hapo sikuwa na swali lingine maishani: nitasimama au sitasimama.

Nikalazwa, na baada ya wiki tatu nikaruhusiwa kutoka wodini, ila nisiende mbali. Kwa Rebeka ni karibu. Lakini kwa Rebeka ni kwa Magesa. Nilisema silali humo. Rebeka akaniambia mama huu ni ugonjwa, Mungu anaona. Nikamwambia na baba yako aliyeko kaburini anaona. Mwisho nikakubali kulazwa kwenye jiko la nje, lile la mabati, kwa hoja kwamba jiko si nyumba. Niliona nimepata akili kubwa. Kumbe jiko liko mlangoni, na Magesa hawezi kuingia wala kutoka bila kunipita. Akaacha kuja mchana. Akaanza kula barabarani na kujilaza kwenye karakana yake. Rebeka akawa anapika juu ya kichwa changu, machozi yanamtoka, anasema ni moshi. Nilimfukuza mkwe wangu kwenye nyumba yake bila kumwambia neno.

Siku ya nne aliingia mama mmoja mnene kuomba kaa la moto. Ni Msukuma, mama wa mapacha, mtaa mzima wanamwita Mama Kulwa. Anauza samaki wa kukaanga kule chini barabarani. Alisimama na koleo mkononi, akanitazama nilivyolala na majivu.

"Huyu ni nani?"

Rebeka akamweleza: mama yangu, mgonjwa, na mambo ya ukwe. Mama Kulwa akasema kwao ukwe upo pia lakini haujafika huku. Kisha akasema ana chumba, mpangaji ametoka, na mimi nitahamia leo. Nikamwuliza ananijua. Akasema hanijui, na hana haraka ya kunijua. Jioni hiyo nilikuwa kwenye kitanda chake. Nilikaa hapo mwaka.

Nataka nikueleze mwili, maana watu hawasemi. Dawa zilifanya mkojo uwe mwekundu na mara ya kwanza nikadhani nakufa. Chakula kilinuka. Viungo viliuma kukiwa na baridi. Misuli ya mapaja ilikwisha mpaka magoti yakawa makubwa kuliko paja lenyewe. Nywele zangu Mama Kulwa alizinyoa kwa wembe, akasema nina kichwa kizuri kumbe nilikuwa nakificha. Alinigeuza kila mara nisipate vidonda. Alinisafisha kila mahali, mwanamke nisiyejua hata ukoo wake, huku akinisimulia ugomvi wa wauza samaki. Nilimkaripia sana. Maji ya moto, maji ya baridi, ugali mgumu, kila kitu. Mtu asiyeweza kufanya lolote hubakiwa na mdomo, na mimi wangu ulikuwa mzima.

Mwezi wa nne wa dawa vidole vilikuwa bado vimelala. Nikaacha kumeza dawa. Nilikuwa naficha vidonge kwenye ukingo wa godoro, nikisubiri nizidiwe nirudishwe Guta, nizikwe pembeni ya mume wangu. Mama Kulwa aliviona alipobadilisha shuka. Nilijiandaa kwa vita. Yeye alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono yake inanuka samaki.

"Mimi sikulazimishi," akasema. "Ila ukifia kwangu, mimi ndiye nitakayesimama mbele ya watu wenu nisiowajua, nieleze. Nionee huruma basi."

Hakuna aliyewahi kuniomba mimi huruma tangu nilale chini. Nikameza. Na Jumatatu alinilazimisha nimwambie nesi mwenyewe siku nilizoruka, nikasemwa mbele ya benchi zima la wagonjwa.

Sasa kiti. Nyumba za pale zimepanda kwenye mawe, bajaji inaishia barabarani. Daktari alikataza bodaboda na alikataza kubebwa mgongoni. Kwa hiyo nilikuwa nashushwa kwenye kiti cha plastiki, kile cha wateja wa Mama Kulwa, mtu mmoja mbele na mmoja nyuma. Wanaume wawili, mara tatu kwa wiki, kushuka na kupanda. Mchungaji alisema Magesa ashike kiti, kwani kiti si mimi. Shemeji yangu wa Guta akasema kwa simu kwamba kitu alichokalia mkwe ni mkwe. Ningeweza kumfuata mchungaji. Nilimfuata shemeji. Nilisema mume wangu amekufa hajaona jambo hilo, na mimi sianzi leo. Magesa alikuwa nje ya dirisha, alisikia.

Basi kila siku ya kliniki Rebeka na Mama Kulwa walikuwa wananiweka kando ya njia kwenye kiti changu, na tunangoja wapita njia. Hakuna unyonge kama huo. Unamwona mtu anakuja, unajipanga uso. Wengine walikumbuka simu zao ghafla, na sikuwalaumu, maana hata mimi zamani nilikuwaga nakumbuka mambo. Lakini wengine walisimama. Walinibeba wachukuzi wa samaki wenye magamba mabegani. Alinibeba mwalimu mwenye shati limepigwa pasi, na lilipofika chini lilikuwa halina pasi. Walinibeba wahubiri wawili, Biblia zao nikazishika mimi mapajani, wakaniombea wakihema. Wengi sikupata hata majina. Wa mbele niliona kisogo tu, wa nyuma nilisikia pumzi tu. Na Magesa siku zote alikuwa pale kwenye kona ya ua, anatazama mpaka kiti kiinuke, ndipo anaenda kazini.

Mwezi wa sita wa dawa mvua za vuli zilikuwa zimeshika. Daktari wa mifupa kutoka Mwanza alikuwa anakuja Ijumaa hiyo moja, na asingekuja tena hadi baada ya miezi kadhaa. Nesi alituambia ndiye atakayesema kama mfupa unapona au napasuliwa mgongo Mwanza au ndiyo basi. Asubuhi hiyo mvua ilinyesha tangu kunakucha. Njia ya mawe ikawa mfereji. Rebeka alinifunika nailoni, tukakaa chini ya upenu, na hakupita hata kuku. Bajaji ilipiga honi kule chini mara ya kwanza, mara ya pili. Mama Kulwa alijaribu kushika nyuma na Rebeka mbele, hatua tatu wakateleza wote wawili, wakanirudisha. Nilisikia kitu kinazimika kifuani. Niliwaambia waache, nimechoka, nirudisheni Guta. Nilisema kweli, sikuwa natishia.

Ndipo akatokea mwanaume mmoja, mabuti ya mpira, kofia ya koti imemfunika uso, amebeba nyavu begani. Alitutazama, akazitua nyavu. Akashika mbele. Akageuka kutafuta mwenzake, akamwona Magesa kwenye kona ya ua, amelowa chapachapa.

"Wewe mwanaume unaangaliaga nini?" akasema. "Njoo ushike huku."

Magesa hakusogea. Rebeka akasema kwa sauti ndogo kwamba huyo ni mkwe. Yule mtu akakiachia kiti. Alikuwa wa huku huku, alielewa. Alinitazama mimi, akamtazama Magesa, bajaji ikapiga honi tena. Kisha akaja mbele yangu akainama.

"Mama, wewe utaangalia mbele tu," akasema. "Mimi nakaa mbele. Huko nyuma atakuja mtu, sisi hatumjui ni nani. Hatutageuka. Tumeelewana?"

Ningeweza kukataa. Mdomo wangu ulikuwepo. Niliangalia yale mawe na maji, nikafikiria mume wangu, nikafikiria miguu yangu iliyolala kwenye nailoni. Nikaangalia mbele.

Kiti kikainuka. Nilimsikia mtu wa nyuma akitafuta mahali pa kukanyaga, taratibu kama mtu anayebeba mayai. Katikati kiti kiliyumba, nikasikia goti linagonga jiwe, kishindo cha kuumiza, lakini kiti hakikushuka hata kidogo. Mtu alibaki pale kwenye goti moja, amekishika juu, mpaka wa mbele akapata kukanyaga. Shingo yangu iliwaka kwa kutaka kugeuka. Sikugeuka. Kule chini Rebeka na yule mwenye mabuti wakaniingiza kwenye bajaji, na nilipotazama nje nyuma ya kiti hapakuwa na mtu.

Daktari wa Mwanza aliweka picha kwenye taa, akakaa nayo muda mrefu, nikamchukia kwa muda huo. Halafu akasema mfupa umeanza kujijenga, hakuna kupasuliwa. Akaukwaruza unyayo wangu kwa ufunguo wake. Kidole gumba kilicheza. Hakikucheza sana. Rebeka alikiona, akakaa chini sakafuni hapo hapo.

Sitakudanganya kwamba kuanzia hapo ilikuwa rahisi. Sikukuu nilikula nimeegemea ukuta. Masika yalinikuta nimesimama kwa kushika fremu ya chuma, nahesabu pumzi, jasho linatoka kwa kusimama tu. Wakati wenzangu Guta wanapalilia, mimi nilikuwa najifunza kwenda chooni. Pamba ilipopasuka tena nilimeza kidonge cha mwisho, nikamwomba Mama Kulwa aniache nishuke njia ya mawe na fimbo yangu. Alinifuata nyuma hatua mbili, mikono imetandazwa, ananitukana nisikimbie. Mguu wa kushoto bado unaburuta. Naweza kuishi nao.

Magesa alichechemea wiki mbili baada ya ile mvua. Hakuna aliyemwuliza. Mimi ndiye nisiyeweza kabisa kumwuliza, wala kumshukuru, kwani tulikubaliana hatumjui aliyekuwa nyuma. Nimejua kushukuru wageni mwaka huu kuliko miaka yangu yote, na mtu wa nyumbani kwangu sina njia ya kumfikia.

Nilirudi Guta, na miezi miwili iliyopita nikaenda Musoma kwa kipimo, nikapita mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kumnunulia Mama Kulwa sato. Nikasikia sauti ya mtu anabishana bei ya nyavu, nikaijua kabla ya uso. Nilimwendea na fimbo yangu. Hakunitambua, kwani alinijua nikiwa nimekaa. Nilipomkumbusha kiti na mvua, alinitazama miguu kwanza, kisha akanisalimia kwa mikono yote miwili. Nikamshukuru kwa maneno yote niliyokuwa nayo. Akasema yeye alikuwa anapita tu. Halafu akaniuliza yule mkwe wangu anaendeleaje, goti lilipona?

Nikasema lilipona.

"Tulipokuweka kwenye bajaji alikimbilia nyuma ya ukuta," akasema. "Nikamfuata, nikajua kaumia. Suruali imechanika, damu inatoka, na analia. Nikamwuliza, ni goti? Akasema goti si kitu." Akakung'uta nyavu. "Akasema, 'Mama amekuwa mwepesi sana.'"

Nilisimama pale mwaloni nimeshika samaki, na watu wananipita.

Jioni nilikuwa kwa Rebeka, nimekaa nje ukutani. Magesa akatoka karakana, akafika kwenye kona ya ua, akasimama pale pake. Akaangalia pembeni, akaniamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikasema. Alipogeuka kuondoka, nikasema tena, "Marahaba, baba." Akasimama kidogo, mgongo wake umenielekea, ndipo akaingia ndani.